Kirusi Nje ya Urusi: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Mchana natafsiri, jioni nafundisha Kirusi kikundi kidogo cha watu wazima. Wanaokuja darasani mara nyingi hawaanzi na alfabeti, wanaanza na maswali. Wazungu wengine walijifunza Kirusi tangu lini? Wazee wetu walikipataje kwa mwaka mmoja? Mbona watu wa Ulaya Mashariki walikisoma utoto mzima na hawakijui? Yale yanayorudirudi nimeyaandika hapa, nisiyajibu upya kila Januari.

Mgeni wa kwanza kujifunza Kirusi alikuwa nani?

Jina lake halijulikani, ila kazi yake tunaweza kuikisia. Yaelekea alikuwa mfanyabiashara. Miji ya Kijerumani iliyounda umoja wa Hansa ilikuwa na ua wake wa biashara mjini Novgorod, Urusi, na bidhaa kubwa zilikuwa manyoya na nta. Vijana walipelekwa kukaa na familia za Kirusi ili waokote lugha wangali wadogo, kabla ulimi haujakomaa. Na elimu hiyo ililindwa. Katika karne ya 15 wafanyabiashara wa Hansa hawakutaka Waholanzi wafundishwe Kirusi, maana anayezungumza na muuzaji mwenyewe hahitaji dalali. Mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa zaidi hapo.

Kitabu kimoja cha watu hao kimebaki. Tönnies Fenne alikiandika kwa mkono mjini Pskov mwaka 1607, Kirusi kwa herufi za Kilatini na pembeni Kijerumani cha kaskazini. Ndani yake mna majina ya manyoya, vipimo, mizigo, madeni, na sentensi nyingi za kuvutana bei. Hiki si kitabu cha mtu anayetaka kusoma mashairi. Ni cha mtu aliyeogopa kupunjwa, na kwa sababu hiyohiyo leo ni hazina, kwa kuwa kinatuonyesha jinsi watu wa sokoni walivyosema kweli, tofauti na makasisi walivyoandika. Kipo Copenhagen.

Sarufi ya kwanza ilichapishwa Moscow?

Hapana, ilichapishwa Oxford mwaka 1696, tena kwa Kilatini. Mwandishi wake, Heinrich Wilhelm Ludolf, alikuwa Mjerumani aliyerudi kutoka safari ya Urusi. Aliona jambo ambalo Warusi wenyewe walilichukulia la kawaida: mdomoni mlikuwa na lugha moja na kwenye karatasi nyingine. Walisema, anaeleza, kwamba kuzungumza ni kwa Kirusi na kuandika ni kwa Kislavoni, lugha ya kanisa. Ludolf akaamua kumfundisha msafiri ile ya mdomoni, na mwishoni akaongeza mazungumzo ya kila siku.

Sarufi kubwa ya Kirusi iliyoandikwa kwa Kirusi, ya Mikhail Lomonosov, ilitoka kiwandani mwaka 1757. Mgeni aliwatangulia wenyeji kwa miaka 60 hivi. Wanaofahamu historia ya sarufi za Kiswahili hawatashangaa.

Na Asia je?

Huko serikali ndiyo iliyoanza, na sababu ilikuwa mpaka. Mkataba wa Nerchinsk wa mwaka 1689 kati ya Urusi na China ulijadiliwa kwa Kilatini, kwa sababu wakalimani walikuwa mapadri Wajesuiti waliokuwa katika utumishi wa mfalme wa China. Hebu fikiria: dola mbili zinagawana ardhi, na katikati yao amekaa Mreno na Mfaransa. Mwaka 1708 mfalme Kangxi akafungua shule ya Kirusi mjini Beijing.

Japani ilifuata kwa kuchelewa, lakini kisa chake nakipenda kuliko vyote. Shule ya Lugha za Kigeni ya Tokyo ilifunguliwa mwaka 1873, na Kirusi kilikuwamo. Mwaka 1881 aliingia kijana aliyeamini kwamba hatari ya kesho kwa Japani itatoka Urusi, kwa hiyo lazima wapatikane watu wanaoijua lugha ya adui. Darasani vitabu vilikuwa haba, na mwalimu akawa anawasomea riwaya kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa. Kijana akanasa. Akaacha mambo ya ulinzi wa taifa, akamtafsiri Turgenev, mwandishi wa riwaya wa Kirusi, na mwaka 1887 akaanza kuchapisha riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kisasa kwa Kijapani. Jina lake la uandishi ni Futabatei Shimei.

Vyuo vikuu vya Magharibi vilianza lini?

Mwishoni mwa karne ya 19, bila haraka yoyote. Paris ilikuwa na masomo ya Kirusi katika miaka ya 1870, Oxford ikampa William Morfill nafasi mwaka 1889, Leo Wiener akaanza Harvard mwaka 1896, na Bernard Pares akafungua shule ya masomo ya Kirusi Liverpool mwaka 1907. Wanafunzi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Ni kweli jeshi lilifundisha Kirusi vizuri kuliko shule?

Kwa Uingereza, naona ndiyo. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1960 vijana wa jeshi la lazima wapatao 5,000 walipitishwa katika shule ya pamoja ya lugha ya majeshi, katika kambi za Bodmin, Coulsdon na Crail. Walitakiwa wawe wasikilizaji wa redio za Kisovieti na wakalimani endapo vita vitatokea. Walimu wengi walikuwa wakimbizi: Warusi waliokimbia mapinduzi, watu wa Baltiki, Wapolandi, kila mmoja na lafudhi na huzuni yake. Mitihani haikuisha, na aliyeanguka alirudishwa kikosini kwake kwenda kupiga kwata kwenye matope. Hakuna mwalimu wa shule ya kawaida mwenye kichocheo cha namna hiyo.

Vita havikutokea. Kilichotokea ni kizazi cha waandishi. Michael Frayn alipita huko, baadaye akawa mtafsiri mkubwa kwa Kiingereza wa Chekhov, mwandishi wa tamthilia wa Kirusi. Alan Bennett na Dennis Potter nao walipita.

Wamarekani waliamshwa na mlio. Tarehe 4 Oktoba 1957 Sputnik, setilaiti ya Wasovieti, ilizunguka dunia ikipiga bipu, na mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya elimu ya ulinzi wa taifa, iliyomwaga fedha kwenye hesabu, sayansi na lugha za kigeni, Kirusi kikiwa mbele. Wimbi la mwisho likaja na Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1990 wanafunzi zaidi ya 44,000 walikuwa wakisoma Kirusi katika vyuo vya Marekani. Hofu ilipopungua, nao wakapungua. Kufikia mwaka 2016 walibaki kama 20,000.

Mbona watu wa Ulaya Mashariki walisoma Kirusi miaka mingi na hawakijui?

Swali hili huulizwa kwa mshangao, kama vile saa za darasani zikijumlishwa lazima zitoe msemaji. Kuanzia miaka ya 1940 mwishoni, Kirusi kilikuwa somo la lazima Hungary, Poland, Chekoslovakia, Ujerumani Mashariki na kwa jirani zao. Mtoto alianza akiwa na miaka kumi au kumi na moja, akaendelea hadi amalize sekondari, mara nyingi chuo kikuu pia. Hungary iliondoa ulazima huo mwaka 1989, na miaka miwili mitatu baadaye karibu kila nchi ilikuwa imefanya hivyo.

Kwanza, hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye. Ujerumani Mashariki ilikuwa na wanajeshi wa Kisovieti mamia ya maelfu, lakini walikaa nyuma ya kuta za kambi zao. Mtoto alijifunza kusema "Naishi Moscow, baba yangu ni mhandisi" na hakukutana na Mrusi wa kumwambia. Kusafiri kwenda Urusi peke yako, ukale na kulala kwa watu, hakukuwa jambo rahisi.

Pili, na hili ndilo zito, kutokujua kulikuwa msimamo. Mzazi hawezi kuandamana, lakini anaweza kuvuta mdomo mtoto akileta daftari la Kirusi. Mtoto anaona. Mwanafunzi mwenye akili kabisa alipata alama ya kupita na kuhakikisha haivuki hapo. Sisi tuliosoma lugha kwa viboko na kibao cha aibu shingoni tunaelewa hali hii, ingawa kwetu, lazima niseme, lugha ile ya viboko ililipa mshahara baadaye. Kirusi kwa kijana wa Budapest, Hungary, hakikulipa.

Kuna siku moja Kirusi cha shule kilitumika kweli. Agosti 1968 vifaru vya Kisovieti vilipoingia Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, watu walivizunguka na kuwauliza askari waliokaa juu: mmekuja kufanya nini, nani amewaita? Waliuliza kwa Kirusi. Miaka yote ya mazoezi ya vitenzi ikapata kazi asubuhi moja. Na wakati huohuo wenzao walikuwa wanang'oa vibao vya barabarani ili vifaru vipotee njia.

Lakini usiseme hakuna aliyejifunza. Ujerumani Mashariki ilikuwa na madarasa maalumu ambayo mtoto alianza Kirusi darasa la tatu, na waliotoka huko walikijua. Palikuwa pia na mashindano ya Kirusi ya kitaifa. Binti mmoja wa mchungaji aliyashinda, akazawadiwa safari ya Moscow; miaka mingi baadaye akawa kansela wa Ujerumani, na huyo Angela Merkel aliweza kumfuata Putin kwa Kirusi kama Putin alivyoweza kumfuata kwa Kijerumani. Somo lilikuwa lilelile la lazima. Yeye alilitaka.

Walioumia baada ya 1989 ni walimu. Maelfu walijikuta somo lao limekufa katikati ya mwaka wa shule, wakapelekwa kozi za kuwa walimu wa Kiingereza. Wengi walifundisha wakiwa somo moja tu mbele ya wanafunzi wao.

Uzbekistani, Georgia na Kazakhstani nako ni "nje"?

Leo ndiyo, zamani ilitegemea unamuuliza nani. Amri ya Machi 1938 ilifanya Kirusi kuwa somo la lazima katika shule za jamhuri zote za Kisovieti. Huko Kirusi kilikuwa njia ya kupanda cheo, kwa hiyo watu walikijua kikamilifu, wakati mwingine kuliko lugha ya bibi yao. Kulikuwa na mpaka wa uvumilivu hata hivyo. Aprili 1978 ilipopendekezwa kuondoa hadhi ya Kigeorgia katika katiba ya jamhuri, watu walijaa barabara za Tbilisi, na pendekezo likafutwa. Kwa sasa Kirusi kina hadhi rasmi Belarusi, Kazakhstani na Kirigizistani.

Lumumba alisoma Chuo Kikuu cha Lumumba?

Hapana! Hili nimelisikia hadi kwa watu wazima. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow Februari 1960, kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwezi uliofuata chuo kikapewa jina lake. Jina likaondolewa mwaka 1992, likarudishwa mwaka 2023. Wakenya nao wasikichanganye na Taasisi ya Lumumba ya Nairobi iliyofunguliwa Desemba 1964 na kufungwa mwaka uliofuata. Hiyo ilikuwa ya siasa, na watu wa Oginga Odinga walikuwamo.

Wazee wetu walijifunzaje Kirusi kwa mwaka mmoja?

Kwa podfaki. Neno hilo ni kifupisho cha Kirusi cha kitivo cha maandalizi, na ukimtajia mzee yeyote aliyesoma huko utaona uso unabadilika.

Kijana alitoka Zanzibar, Kisumu, Bukoba au Kampala, wengine hata kabla ya uhuru kwa njia za mzunguko kupitia Cairo. Alifika msimu wa vuli, akapewa fedha za kununua koti, kofia na viatu vya baridi, kitanda katika bweni, na posho ambayo kwa wengi ilikuwa kama rubli 90 kwa mwezi, zaidi ya alizopata mwanafunzi Mrusi. Kisha Kirusi, kuanzia asubuhi, siku sita kwa wiki, darasa la watu wachache. Si Moscow tu: Kiev, Voronezh, Tashkent, Odessa, Leningrad, Baku, kote kulikuwa na podfaki. Miezi ya mwanzo lugha tupu. Halafu lugha ikaanza kubeba masomo: "pembetatu" kwa Kirusi, "asidi" kwa Kirusi, "moyo una vyumba vinne" kwa Kirusi. Septemba iliyofuata alikaa ukumbini na Warusi akisikiliza mhadhara wa fizikia.

Mtu wa Budapest alikaa na Kirusi miaka minane, mtu wa Bukoba miezi kumi. Tofauti yao haikuwa kipaji. Wa Bukoba asingekula wala asingerudi na shahada bila Kirusi; hata kumwomba mama wa bweni ufunguo kulihitaji Kirusi. Na chumbani aliishi na Mrusi, Mvietnamu na Mkuba ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa hiyohiyo, mbovu kwa wote isipokuwa mmoja.

Sisemi yalikuwa maisha ya asali. Ubaguzi wa mitaani ulikuwapo. Desemba 1963, baada ya kifo cha mwanafunzi wa Ghana, wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu wa Moscow.

Njia ilikuwa ya pande mbili pia, jambo linalosahaulika. Dmitri Olderogge alikuwa akifundisha Kiswahili Leningrad tangu kabla ya vita, na kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyotoka chini ya uhariri wake ilichapishwa mwaka 1961.

Mwalimu alifundishaje wakati hana lugha moja na wanafunzi?

Hapo ndipo taaluma yenyewe ilipozaliwa. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Moscow kilipata idara ya kwanza ya Kirusi kwa wageni. Mwaka 1966 kikaanzishwa kituo ambacho baadaye kilikuwa Taasisi ya Pushkin, na mwaka 1967 chama cha kimataifa cha walimu wa Kirusi kikaundwa mjini Paris. Pushkin, mshairi mkuu wa Warusi, alikuwa na babu mkuu mwenye asili ya Afrika, Abram Gannibal, na sijakutana na mtu wa podfaki ambaye hakuambiwa hilo wiki ya kwanza.

Wataalamu waligundua kwamba Mrusi hawezi kumfundisha mgeni kama anavyomfundisha mtoto wa Kirusi. Mtoto anajua tayari kusema, anafundishwa tahajia. Mgeni anahitaji kuambiwa vitu ambavyo Mrusi hajui kwamba anavijua. Elena Bryzgunova alichambua jinsi sauti inavyopanda na kushuka akapata aina saba. Mfano: *Eto Juma*, huyu ni Juma, sauti inashuka. *Eto Juma?* maneno yaleyale, lakini sauti inaruka juu ghafla kwenye silabi yenye mkazo kisha inaanguka. *A Juma?* yaani "Na Juma je?", sauti inapanda mwishoni. Mwafrika Mashariki hupata afueni hapa, kwa kuwa naye huuliza "Huyu Juma?" kwa sauti tu bila kupindua sentensi.

Ni kigumu kwetu?

Matamshi yanauma kwanza, kwa sababu ulimi wetu umezoea kila konsonanti kuwa na irabu yake. Fundi friji mmoja darasani kwangu alisalimia *zidirasitivuyite* wiki mbili nzima. Salamu ni *zdravstvuyte*, na ile v ya kwanza haitamkwi hata na Warusi wenyewe. Nilipomwambia hivyo alikasirika kwa haki. Kuna pia irabu ya *ty*, wewe. Dawa yake: sema "u", usisogeze ulimi, kisha tabasamu.

Halafu mikia. *Kniga* ni kitabu. Hakuna kitabu: *net knigi*. Naona kitabu: *vizhu knigu*. Na kitabu mkononi: *s knigoy*. Kuhusu kitabu: *o knige*. Kwetu jina limekaa kama mwenye nyumba, linawaburuta wengine: kitabu kile kizuri kimepotea. Kwao jina lenyewe nalo linaburutwa. Ila mtu aliyekulia na ngeli hawezi kuniambia upatanisho ni mgeni kwake; Mwingereza ana haki ya kulia, sisi hatuna.

Na kwenye vitenzi tuna mtaji. *Chital knigu*, alikuwa akisoma kitabu. *Prochital knigu*, amekisoma akakimaliza. Mswahili anayetofautisha -ki- na -me- tangu utotoni anaelewa kwa dakika tano kitu kinachowasumbua Wamarekani mwaka mzima. Kinachotusumbua sisi ni kwenda. Kwetu mtu anaenda tu. Kwao sharti useme kama ni kwa miguu, *idti*, au kwa chombo, *yekhat*. Ukisema umekuja kutoka Dodoma kwa *idti*, Mrusi ataangalia viatu vyako.

Siku hizi nafasi zipo?

Zipo. Podfaki bado inafanya kazi, ufadhili wa serikali ya Urusi unatangazwa kila mwaka, na mtihani wa kimataifa wa Kirusi una ngazi zinazolinganishwa na zile za Ulaya, A1 hadi C2. Anayetaka kuanza kabla ya kusafiri atafute kituo cha utamaduni cha Urusi, Dar es Salaam kipo. Ninachosisitiza ni kimoja: usiende ukitarajia kujifunzia huko alfabeti. Herufi 33, wiki moja, hapahapa nyumbani.

Nilisoma huko miaka 40 iliyopita, nimesahau chote. Kitarudi?

Kinaanza kurudi kwa masikio. Weka redio, usijilazimishe kuelewa. Mtaani kwetu Tanga kuna mhandisi mstaafu aliyesomea Kiev. Ukimsemesha Kirusi anakataa katakata, anasema kimekwisha. Juzi nilimkuta uani anapima mbao za kitanda cha mjukuu. Utepe anaufunua kwa mkono mmoja, penseli imekaa sikioni, na midomo inahesabu: *raz, dva, tri*. Si *odin, dva, tri* ya vitabuni. *Raz*, kama anavyohesabu Mrusi mwenyewe akiwa kazini.